Mlio Mmoja, Mambo Shwari

Je, wajua kwamba kompyuta hujipima afya kila inapowashwa, kabla haijakuonyesha hata herufi moja? Ukibonyeza swichi, prosesa haiendi moja kwa moja kwenye Windows. Huanza na programu ndogo iliyo ndani ya chipu kwenye ubao mkuu, BIOS, ambayo kwa mashine za siku hizi nafasi yake imechukuliwa na UEFI. Programu hiyo huita viungo kimoja kimoja kama mwalimu anayeita majina darasani: prosesa, kumbukumbu, kadi ya picha, kibodi. Mwisho huitafuta diski yenye mfumo endeshi na kuikabidhi kazi. Mara nyingi yote hayo huisha kwa sekunde chache.

Kompyuta ya IBM PC, iliyotangazwa Agosti 1981, ilimaliza ukaguzi huo kwa mlio mmoja mfupi: mambo shwari. Ikikwama, ililia kwa mpangilio mwingine. Kwa nini ilie badala ya kuandika? Kwa sababu maandishi hayafiki kwenye skrini bila kumbukumbu na kadi ya picha, na huenda hizo ndizo zenye hitilafu. Mgonjwa akishindwa kusema, huguna.

Kwa hiyo kompyuta ikigoma kuwaka, tazama kwanza imekwamia wapi. Ikiwa kimya kabisa, feni haizunguki wala taa haiwaki, anza na umeme: jaribu soketi nyingine, kagua ekstensheni, hakikisha swichi ya nyuma ya kasha imelalia upande wa mstari, si wa duara. Feni zikizunguka na skrini ikabaki nyeusi, kaza waya wa monita, kisha ishuku kumbukumbu. Ukiona maandishi yanayosema diski ya kuwashia haikuonekana, sehemu kubwa ya ukaguzi imepita salama. Chomoa flashi uliyoisahau, uwashe upya.

Kompyuta ya nyumbani kwetu iliwahi kutunyima usingizi. Feni zilivuma, skrini ikawa giza, na mlio mrefu ukajirudia bila kukoma. Tulishaanza kuhesabu fedha za kununua nyingine. Nilichomoa waya wa umeme, nikabonyeza swichi kwa sekunde kadhaa ili umeme uliobaki uishe, nikagusa chuma cha kasha kuondoa umeme tuli mwilini. Kipande cha kumbukumbu (RAM) kilikuwa kimebanwa na vishikizo viwili. Nilipokitoa, niliona meno yake ya rangi ya dhahabu yamefifia kwa vumbi na ukungu. Niliyasugua taratibu kwa ufutio wa penseli, nikayapangusa kwa kitambaa kikavu, nikakirudisha na kukikandamiza mpaka vishikizo vikajifunga: tak, tak. Nikawasha. Mlio mmoja mfupi.

Kuna pia kiungo kingine kidogo kinachosahauliwa: betri bapa kama sarafu, CR2032. Tarakimu zake ni vipimo vyake, kipenyo cha milimita 20 na unene wa milimita 3.2. Kwa volti zake 3, huiendesha saa ya kompyuta hata waya ukiwa umechomolewa, ikihesabu mitikisiko 32,768 ya fuwele kwa kila sekunde. Ikichoka, tarehe hurudi nyuma miaka mingi, na baadhi ya mashine husimama zikikutaka ubonyeze F1. Wengi hudhani ni virusi, kumbe ni betri ya bei ndogo tu.

Sehemu moja usiifungue kamwe: lile boksi la chuma unapoingia waya wa umeme. Ndani yake kuna kapasita zinazoweza kuhifadhi umeme wa kuua hata baada ya waya kuchomolewa.

Maana ya milio hutofautiana kwa kila mtengenezaji, na mashine nyingi mpya hazilii tena. Baadhi huwasha taa ndogo kwenye ubao, kila moja ikiwa na jina la kiungo chake. Kwa vyovyote, kabla hujalibeba kasha kwenda kwa fundi, andika ulichokiona na ulichokisikia. Ukimwambia “imekufa”, ataanza kutafuta gizani. Ukimwambia “feni zinazunguka, skrini nyeusi, inalia mlio mrefu”, atajua pa kushika kwanza.