Baada ya Radi: Jeraha Lisiloonekana

Watu wengi wanaopigwa na radi hawafi. Nchini Marekani, ambako takwimu zimewekwa kwa miaka mingi, takribani watu 9 kati ya 10 hunusurika, kwa kuwa umeme huo hudumu sehemu ndogo mno ya sekunde, na kiasi kikubwa hupita juu ya ngozi badala ya kupenya mwilini. Jasho hugeuka mvuke ghafla, hivyo majeruhi huweza kukutwa nguo zimechanika na viatu vimepasuka, ilhali ngozi ina michoro myekundu tu iliyotawanyika kama matawi ya mti. Hiyo ni michoro ya Lichtenberg, nayo hufutika baada ya saa chache au siku mbili tatu.

Hatari kubwa iko kwenye pumzi. Radi huweza kusimamisha moyo na papo hapo kupooza sehemu ya ubongo inayoongoza upumuaji. Moyo mara nyingi huanza tena kudunda wenyewe, lakini pumzi huchelewa kurudi, na moyo uliokosa oksijeni husimama mara ya pili. Kwa hiyo, pale radi moja inapoangusha watu wengi, anayestahili kuhudumiwa kwanza ni yule aliyelala kama maiti, si yule anayelia, na hakuna sababu ya kuogopa kumgusa, kwani mwili wake haubaki na umeme.

Anayepona huanza safari nyingine. Usingizi humpaa, hasira humjia upesi, hupoteza kumbukumbu, hushindwa kufuatilia mazungumzo ya watu wawili kwa wakati mmoja, na maumivu ya mishipa ya fahamu humwandama kwa miaka, huku picha za ubongo zikionyesha kwamba hana kasoro yoyote. Hapo ndipo mwajiri, na hata mwenzi wake, huanza kumdhania mvivu au mwigizaji. Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki, ambako radi husemwa kuwa imetumwa na mtu, huongezeka swali zito zaidi: alimkosea nani? Kutengwa huko hakuhitaji imani ya uchawi, hata hivyo. Roy Sullivan, askari wa hifadhi ya Shenandoah huko Virginia, alipigwa na radi mara 7 kati ya 1942 na 1977, na watu wakawa wanamkwepa mawingu yalipotanda.