Bi mkubwa na bi mdogo ndani ya kompyuta moja!

Leo sizungumzii ndoa ya mtu, kwa hiyo wale waliokimbilia ukurasa huu wakitafuta umbea wa uke wenza watanisamehe. Nazungumzia kompyuta. Nazungumzia Office, ile familia ya Word, Excel na ndugu zao, ambayo karibu kila aliyewahi kuandika barua ya kuomba kazi amepitia mikononi mwake. Kuna watu wanaishi na Office mbili kwenye mashine moja, ya zamani na mpya, na nyumba haiungui.

Utasema huo ni ushamba. Sisi vijana wa mjini tuna ugonjwa wetu: kipya kikiingia, cha zamani kinakwenda jalalani siku hiyo hiyo. Simu, viatu, hata marafiki. Wahenga walishasema, kipya kinyemi ingawa kidonda. Kwenye kompyuta kidonda hicho hukioni siku ya kwanza. Unakiona siku unayotafuta karatasi ya miaka kumi na tano iliyopita, na mashine yako mpya inakukodolea macho.

SHISHIYU KUNA MAMBO

Aliyenifungua macho siyo profesa. Ni dada mmoja mwenye kibanda cha stesheneri huko Shishiyu, kata ya Wilaya ya Maswa, mkoani Simiyu. Kwa wale ambao jiografia iliwapitia kushoto, Simiyu ni mkoa uliomegwa kutoka Shinyanga mwaka 2012, makao makuu yake Bariadi, na huko pamba ndiyo pesa. Mimi nilifika mwaka 2019 kwa shughuli za kifamilia, nikawa napita kwa yule dada kutoa kopi za makaratasi yetu.

Kibanda chenyewe kidogo. Kompyuta moja, printa moja, mashine ya kutoa kopi, na benchi la wateja nje. Lakini kwenye kioo cha kompyuta niliona alama za Word mbili: moja ya Office 2010, nyingine ya Office 2016. Access nayo mbili. Nikamuuliza, dada, hii ya pili ni ya nini tena?

Akacheka. "Kaka, hawa ni bi mkubwa na bi mdogo. Fundi mmoja wa mjini alitaka nimfukuze bi mkubwa, eti anajaza nafasi. Nikamwambia aache kama ilivyo."

Sababu yake niliijua siku mbili baadaye.

FAILI LIMEKUFA?

Alikuja mzee mmoja, katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa, akiwa na flashi kaifunga kwenye leso. Nyuma yake mama mmoja mjane, kimya, akakaa kwenye benchi. Baada ya mwangaluka na habari za nyumbani, mzee akaeleza shida.

Mume wa yule mama alikuwa mwanachama tangu mwanzo. Amefariki, na mjane anadai hisa za marehemu. Daftari la miaka ya mwanzo lililiwa na mchwa. Kilichobaki ni faili la kompyuta, alilolitengeneza kijana mmoja aliyejua mambo ya Access enzi hizo, na ndani yake mna majina ya wanachama wote na kila shilingi waliyoweka. Kompyuta ile ya zamani ilishakufa, bahati faili lilikuwa limehamishiwa kwenye flashi. Kikundi kikanunua kompyuta mpya ya mapajani yenye Office 2016. Kulifungua faili, likagoma kabisa.

"Huko mjini wameniambia limekufa," alisema mzee. "Sasa kwenye kikao kuna wanaosema tumpe huyu mama chochote tu, yaishe. Chochote ndiyo shilingi ngapi, mwanangu?"

Yule dada hakujibu haraka. Kwanza alinakili lile faili kwenye kompyuta yake, flashi akaichomoa na kumrudishia mzee. Akalijaribu na Access ya 2016. Likagoma, kama lilivyogoma mjini. Kisha akafungua Access ya 2010.

"Babu, halijafa," akasema. "Limezeeka tu. Linataka mzee mwenzake."

Likafunguka! Mle ndani majina yakajipanga, mwaka kwa mwaka. Jina la marehemu lilikuwepo, na michango yake yote. Mzee akayasoma kwa sauti ili mjane asikie. Mama yule hakusema neno, alikuwa anahesabu kwa vidole. Alipomaliza akatikisa kichwa kukubali: ndivyo marehemu alivyomwambia. Zikaprintiwa karatasi nne, mzee akaondoka nazo kwenda kwenye kikao.

KWA NINI MPYA ILIGOMA?

Hapa hakuna uchawi, ndugu msomaji. Faili lile lilitengenezwa kwa Access 97. Microsoft walipotoa Access 2013 waliondoa kabisa uwezo wa kufungua mafaili ya 97, na matoleo yaliyofuata, 2016 ikiwemo, hayakuurudisha. Access 2010 bado inao. Kwa hiyo faili la namna hii linavushwa kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga jiwe la katikati: unalifungua na Access 2010 au ya kabla yake, unalihifadhi upya kwa mtindo wa kisasa, kisha bi mdogo analipokea bila maneno. Yule dada alifanya hivyo kabla mzee hajaondoka. Faili jipya likaingia kwenye flashi, la zamani likaachwa lilivyo.

Kwenye Word mambo siyo mabaya kiasi hicho, ila vituko vipo. Mpaka Office 2003, barua ya Word iliishia na herufi za doc. Office 2007 ikaja na mtindo mpya wa docx. Office mpya zinafungua aina zote mbili, lakini mistari inaweza kuhama. Maandishi nayo hubadilika: Office za zamani zilipenda Times New Roman, ya 2007 ikaleta Calibri, na mwaka 2023 Microsoft wakaanza kuleta Aptos. Ukiandika wasifu wako kwa Aptos, ukaupeleka kwenye ofisi yenye kompyuta ya miaka hiyo isiyo na Aptos, mashine itaweka maandishi mengine badala yake. Ukurasa mmoja unakuwa mmoja na robo, na sahihi yako inaning'inia peke yake ukurasa wa pili. Noma!

Ndiyo maana yule dada kila wasifu wa mteja aliufungua kwanza kwa bi mdogo, halafu kwa bi mkubwa. Ukikaa sawa kwa wote wawili, ndipo anautoa.

SHERIA ZA NYUMBA

Kama nawe unataka kuishi hivyo, zipo sheria zake. Usipozifuata, kasheshe lake usipime.

Kwanza, bi mkubwa anaingia kwanza. Toleo la zamani liingizwe kabla ya jipya. Ukianza na jipya halafu ukamleta mkongwe juu yake, atavuruga mipangilio, mafaili yatafunguliwa na asiyehusika na utaanza kurekebisha moja baada ya jingine. Kama jipya limeshaingia, ni heri kulitoa, uingize la zamani, kisha ulirudishe.

Pili, soma kabla ya kubofya. Office ya 2010, kwa mfano, ikikuta ya zamani ndani inakupa vitufe viwili. Kimoja kimeandikwa Upgrade, kingine Customize. Ukibofya cha kwanza kwa haraka, bi mkubwa anafungashiwa virago hapo hapo. Bofya cha pili, utafute sehemu inayosema matoleo ya zamani yabaki. Kitufe kimoja tu ndicho kinachotofautisha nyumba yenye wake wawili na talaka.

Tatu, wawe kabila moja. Office zipo za biti 32 na za biti 64, na hizi mbili hazikai pamoja kwenye mashine moja. Kama ya zamani ni ya biti 32, basi na mpya iwe ya biti 32, hata kama Windows yako ni ya biti 64.

Nne, barua pepe apokee mmoja. Word mbili zinaweza kukaa, Excel mbili pia, lakini Outlook mbili haziwezi kuelewana. Acha moja tu, na iwe ile mpya.

Tano, usibofye faili, fungua mlango kwanza. Ukibofya faili mara mbili, atakayelipokea mara nyingi ni yule aliyejiandikisha mwisho, siyo unayemtaka. Fungua kwanza programu unayoitaka, kisha ulitafute faili ukiwa ndani yake. Na ukihama kutoka Access moja kwenda nyingine, usishangae mashine ikianza kujipanga upya dakika nzima au mbili. Ni wivu tu, utapita. Usizime umeme.

Sita, kila mmoja na mahari yake. Kulipia Office mpya siyo kulipia na ya zamani, kila toleo lina namba yake ya leseni. Zile kopi za mtaani zinazouzwa kwenye flashi mara nyingi huja na virusi ndani, na virusi havichagui faili la harusi wala la hisa za mjane.

Saba, nakala kabla ya yote. Faili la zamani usilifungue ukiwa na nakala hiyo hiyo moja. Muige yule dada: nakili, chomoa flashi, weka pembeni, ndipo ufanye kazi.

TAHADHARI KWA MKONGWE

Sasa msinielewe vibaya mkaanza kushindana nani ana Office nzee zaidi. Wakongwe hawa wana hatari yao. Microsoft wakiacha kulihudumia toleo, hawalizibi tena matundu ambayo wezi wa mitandaoni wanapitia. Office 2003 iliachwa Aprili 8, 2014. Ya 2007 ikafuata Oktoba 10, 2017, na ya 2010 Oktoba 13, 2020. Hata yule bi mdogo wa Shishiyu, Office 2016, naye alistaafishwa Oktoba 14, 2025, siku moja na Office 2019. Ndiyo dunia, bi mdogo wa jana ndiye bi mkubwa wa leo.

Kwa hiyo mkongwe awe wa kazi za ndani: kufungua mafaili yako mwenyewe ya zamani na kuyavusha. Faili lililokuja kwa barua pepe kutoka kwa mtu usiyemjua, usimpe. Na kama unayo mashine nyingine ya zamani isiyounganishwa na intaneti, mkongwe akae huko, ndiyo salama zaidi.

Kwa wale wenye mifuko iliyotoboka, ipo LibreOffice, iliyozaliwa mwaka 2010 kutoka OpenOffice, nayo haiuzwi. Inakaa na Office ya Microsoft bila ugomvi, na inafungua barua za doc na za docx pia. Na msidhani mambo haya ni ya Wazungu peke yao: mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, yote kwa Kiswahili. Wapo Watanzania waliowahi kuandika barua kwenye kompyuta isiyowasemesha Kiingereza hata kidogo.

USIKIMBILIE KUFUKUZA

Wiki hii, kijana mwenzangu, fanya kazi moja. Chukua flashi zako na zile sidii za zamani nyumbani. Fungua mafaili yote moja moja: vyeti, mikataba ya nyumba, mahesabu ya mzee, orodha ya michango ya msiba wa bibi. Linalofunguka, lihifadhi upya kwa mtindo wa sasa, na lile lisilotakiwa kubadilika lifanye PDF ili lisihame mstari. Linalogoma usilifute, wala usikubali kirahisi kuambiwa limekufa. Litafutie mzee mwenzake. Huenda yupo kwenye kibanda cha jirani yako, ana vumbi, na watu wanamcheka.

Kile kikundi cha Shishiyu kilimlipa mama yule hisa za mumewe kama zilivyoandikwa, siyo chochote. Kabla hujamfukuza bi mkubwa, muulize kwanza funguo za kabati kaziweka wapi.

Wiki njema.