Ndoo Inavuja? Usikimbilie Supa Gluu



Sisi tunaouza sabuni ya maji, juisi au asali mtandaoni, ndoo ndiyo ghala letu. Ikivuja usiku, asubuhi unakuta mtaji uko sakafuni. Wengi hukimbilia supa gluu, inashika siku mbili halafu inabanduka. Sababu ni moja: plastiki ya ndoo nyingi ina uso unaoteleza, gundi za kawaida hazing'ang'anii. Plastiki hii hushikana vizuri kwa kuyeyushwa pamoja na plastiki mwenzake.

Mimi nafanya hivi:

1. Tafuta panapovuja. Kausha ndoo, iweke juu ya gazeti, tia maji yenye sabuni kidogo. Maji ya sabuni hupenya ufa mdogo kuliko maji matupu. Ukiona unyevu, weka alama kwa maka peni.

2. Angalia namba kwenye kitako, ndani ya alama ya pembetatu. Ndoo nyingi ni 2 au 5. Kiraka kitoke kwenye ndoo mbovu yenye namba ileile. 2 kwa 2, 5 kwa 5. Ukichanganya, havishikani.

3. Osha mafuta yote, kausha kabisa, sugua kwa msasa ndani na nje.

4. Pasha msumari, toboa tundu dogo kwenye kila ncha ya ufa. Usiruke hatua hii, maana ndiyo inayozuia ufa usiendelee kukimbia.

5. Pasha kisu cha zamani kwenye jiko. Pitisha taratibu juu ya ufa mpaka kingo zake ziyeyuke na kuungana, ziba na yale matundu. Kisha yeyushia kiraka juu yake. Rudia upande wa pili. Plastiki ikitoa moshi, kisu kimepata moto kupita kiasi, subiri kipoe kidogo. Fanyia nje, watoto wakae mbali.

6. Ikishapoa, jaza maji, iache usiku kucha juu ya gazeti kavu. Asubuhi gazeti likiwa kavu, umefaulu.

Kama ndoo ina koki, anza na koki. Mara nyingi ndoo ni nzima, kilichochoka ni washa ya mpira. Badilisha washa, kaza nati kwa mkono tu. Ukikaza kwa spana unaweza kuipasua ndoo.

Ndoo ya bati mpelekee fundi wa kulehemu. Ila risasi inayotumika kulehemu inaweza kuwa na sumu, kwa hiyo hiyo isirudi kwenye maji ya kunywa wala chakula.

Sasa jambo kubwa kuliko yote: ndoo iliyotiwa kiraka usimpelekee mteja. Palipoungwa hapana nguvu ya mwanzo. Fikiria lita 20 nyuma ya bodaboda, barabara ya mashimo, na humo humo kuna mizigo ya wateja wengine. Ikipasuka, unalipa sabuni, unalipa na nguo za watu, na mteja hakuamini tena. Chakula nacho usiweke, uchafu hujificha kwenye mshono na huwezi kuusugua ukaisha. Ndoo hiyo ibaki nyumbani: kudekia, kulowekea chupa, kubebea vifungashio.

Na kuna ndoo za kuacha kabisa. Ukibonyeza ubavu ukasikia inalia kama ganda kavu, jua limeshaimaliza. Ukiziba hapa, itapasuka pale. Hali kadhalika ikipasuka pale mkono unaposhikia. Hii ya mwisho ikate, iwe akiba ya viraka.

Kabla ya kufungasha oda ya kesho, pitia ndoo zako zote leo jioni. Gazeti moja kuukuu linatosha kukuambia ipi iende kwa mteja na ipi ibaki.