Igizo Dhima Lianzie Nyumbani

Mwanachuo aendapo katika mazoezi ya kufundisha, aghalabu huandika katika maandalio ya somo lake: "Mbinu: igizo dhima." Afikapo darasani huchagua wanafunzi watatu wachangamfu na kuwaambia, "Wewe muuzaji, wewe mnunuzi, wewe mgambo. Haya, igizeni." Watoto husimama wima, hutazamana, hucheka kidogo, kisha hunyamaza. Mwalimu hukata shauri kwamba darasa lake ni zito. Madhumuni ya makala haya ni kuonyesha kwamba kosa halimo darasani, na kwamba mahali pazuri pa kujifunzia mbinu hii ni nyumbani, pamoja na mke au mume, watoto na wazee, baada ya chakula cha jioni.

Kwa nini nyumbani? Kwa sababu mwanafunzi hawezi kuondoka. Somo likimchosha atavumilia mpaka kengele ilie, na mwalimu atadhani amefaulu. Mwenzi wako hana sababu ya kuvumilia. Mara ya kwanza nilipowakusanya watu wa nyumbani mwangu kwa mchezo wa namna hii, nilieleza kanuni zake kwa muda wa nusu saa. Mke wangu alisikiliza kwa adabu, akauliza, "Mwalimu, na mtihani wake ni lini?" Kisha akaenda jikoni kutazama maharage. Nilikuwa nimewaita kucheza, nami nikawatahini.

Yafaa tuelewe kwamba mtu mzima hakatai kuigiza kwa kukosa ubunifu. Mtu huyo huyo asimuliapo ugomvi alioushuhudia sokoni, huigiza sauti za pande zote mbili bila kuombwa. Anachoogopa ni kuchekwa na kupimwa. Basi kazi ya kiongozi ni kumpunguzia mzigo, amwombe jambo dogo moja kwa wakati mmoja.

Michezo ya kusimulia ambamo kila mchezaji hushika nafasi ya mtu fulani ilipata umaarufu Marekani tangu mwaka 1974, Gary Gygax na Dave Arneson walipotoa Dungeons & Dragons. Katika mchezo huo mmoja hueleza mahali na matukio, wengine huamua matendo ya watu wao, na kete huamua yenye mashaka. Kanuni zake ni nyingi na huwatisha wageni. Baadaye ilitokea michezo myepesi zaidi. Once Upon a Time, wa mwaka 1993, hutumia karata zenye watu na vitu vya hadithi. For the Queen, uliotungwa na Alex Roberts na kutolewa mwaka 2019, hauna kiongozi. Kila mchezaji huchukua karata yenye swali na kulijibu. Hatuna haja ya kununua karata hizo. Msimulizi wetu akisema "Paukwa!" wasikilizaji hujibu "Pakawa!", na tangu neno hilo la kwanza wote wamekwisha kuingia mchezoni. Tujenge juu ya msingi huo kwa hatua tatu.

Hatua ya kwanza ni hadithi ya mzunguko. Kila mmoja huongeza sentensi moja, akianza kwa maneno "Naam, tena..." Kanuni ni moja tu: lililosemwa lisikanushwe. Bibi akisema fisi alivaa kanzu, asitokee mtu wa kusema fisi hana kanzu. Aongeze kwamba kanzu hiyo ilikuwa ya kuazima. Dakika kumi zatosha. Komeni wakati watu bado wana hamu.

Hatua ya pili ni maswali. Elezeni kwamba basi la kwenda Iringa limeharibika ndani ya Hifadhi ya Mikumi, ambamo barabara kuu itokayo Dar es Salaam hupita, na jua linakuchwa. Usimwambie mtu "igiza." Muulize: "Abiria wako ni nani? Amebeba nini? Nani anamngoja?" Mchezaji akijibu, "Huyu ni mama mwenye kuku," amekwisha kuanza kuigiza. Kusema "mimi" kutakuja kwenyewe. Jioni nilipoanza na swali moja tu badala ya kanuni, mke wangu akawa bikizee mwenye kapu la mayai aliyekataa katakata kushuka basini, na sote tukalazimika kumbembeleza.

Hatua ya tatu ni bahati. Kizibo cha soda chatosha kuwa kete. Dereva anapojaribu kutengeneza injini, kizibo kirushwe. Kikilala chali, amefaulu. Kikilala kifudifudi, amefaulu lakini tatizo jipya limezuka, labda taa zimekataa kuwaka. Bahati mbaya isifunge hadithi wala kumtoa mchezaji. Hapa ndipo penye ugumu kwetu walimu, maana tumezoea kujua jibu kabla ya kuuliza swali. Kiongozi aliyekwisha kuandaa mwisho wa hadithi huwavuta wenzake waelekee huko, nao huhisi kuvutwa.

Kuna makosa ya kuepuka. Usisahihishe lugha ya mchezaji. Usimpe mtu nafasi inayofanana mno na maisha yake, usije ukafufua magomvi ya nyumbani. Kila mmoja awe na haki ya kusema "napita" bila kuulizwa sababu.

Faida ya haya si burudani peke yake. Katika mhadhara wa mwaka 1933, mwanasaikolojia wa Kisovieti Lev Vygotsky alizungumzia dada wawili, wa miaka mitano na saba, waliokubaliana kucheza "dada na dada." Katika maisha walikuwa dada bila kulifikiria jambo hilo, katika mchezo kila mmoja alijitahidi kutenda yampasayo dada. Kwa hiyo mchezo hufichua kanuni ambazo maisha huzificha. Mtoto anayeigiza muuzaji hulazimika kufikiri juu ya kipimo, chenji na heshima kwa mteja.

Turudi sasa kwa wale wanafunzi watatu waliosimama wima. Wagawe wenzao katika vikundi vya watano watano ili pasiwe na watazamaji. Muulize muuzaji, "Leo umeleta nini sokoni, na kwa nini unataka kuuza upesi?" Muulize mnunuzi ana shilingi ngapi na ametumwa na nani. Kisha nyamaza. Wakianza kubishana juu ya bei, somo la hesabu limeanza.

Ndugu mwanachuo, kabla hujaandika tena "igizo dhima" katika maandalio yako, ijaribu mbinu hiyo jioni moja nyumbani. Wakiinuka kwenda zao, tafuta kosa katika uongozaji wako. Wakikuuliza hadithi itaendelea lini, nenda darasani.