Asante Shangazi, Ungali Unasikia

Sikukuu ya pili ya Krismasi, Desemba 26, 2025, ukoo wetu ulikusanyika uani kwa shangazi, kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro, kusherehekea miaka 75 ya kuzaliwa kwake. Kama ujuavyo, kila Desemba Wachagga wengi hurudi nyumbani, kwa hiyo kuwapata watu haikuwa kazi. Kazi ilikuwa kumshawishi shangazi mwenyewe.

"Siku ya kuzaliwa ni mambo ya watoto," alitwambia. "Mimi hata tarehe yangu siijui."

Ni kweli haijui. Bibi alikuwa akisema tu kwamba alimzaa binti yake huyo mwaka 1950, wakati wa kuchuma kahawa. Tarehe tuliyo nayo ni ile ya cheti chake cha ubatizo: Desemba 26. Tukamwambia hiyo yatosha.

Mpenzi msomaji, tumezoea kuwasifu watu wetu wakiwa wamelala jenezani. Wasifu wa marehemu husomwa, watu hulia, lakini mwenyewe hasikii. Safari hii tuliamua shangazi asikie kwa masikio yake.

Mwalimu wa wote

Shangazi alianza kufundisha mwaka 1971. Mwalimu Nyerere alikuwa ameutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na walimu vijana walikuwa na kazi mbili: asubuhi kufundisha watoto, jioni kufundisha wazazi wao. Bibi yetu alijifunza kuandika jina lake akiongozwa na mkono wa binti aliyemzaa.

Kisha likaja Azimio la Musoma la mwaka 1974, lililotaka elimu ya msingi iwafikie watoto wote ifikapo 1977. Madarasa yakafurika. Shangazi anakumbuka watoto waliokaa sakafuni, na daftari moja likikatwa katikati ili litoshe wawili. Mshahara ulikuwa mdogo, lakini mkoba wake haukukosa penseli ya ziada kwa mtoto aliyekuja mikono mitupu. Wahenga walisema kutoa ni moyo, si utajiri. Mimi niliuona moyo huo kwa karibu.

Siku niliyofukuzwa

Mwaka 1994 nilikuwa Kidato cha Pili, nina umri wa miaka 16, nikapata mimba. Shule ilinifukuza, maana ndivyo ilivyokuwa wakati ule. Baba naye alilitoa sanduku langu nje, akasema nisikanyage tena kihamba chake. Mama alilia, lakini hakuthubutu kumpinga.

Shangazi alifika jioni ile ile. Alikuwa mjane mwenye watoto watatu. Hakuuliza mimba ni ya nani. Alijitwika sanduku kichwani, akaniambia, "Twende nyumbani. Daftari zako umezichukua?"

Asidhani mtu kwamba alinifichia kosa. Usiku ule aliniambia wazi, "Umekosea, mwanangu, na mtoto utamlea. Lakini kulea hakukuzuii kusoma."

Nilipojifungua, mapema mwaka 1995, alinipikia mtori kila asubuhi kama mzazi yeyote aliyeolewa kwa heshima. Nilipokuwa nikinywa, yeye alikaa kwenye kigoda na kuniuliza maswali ya hesabu. Usiku tulisoma kwa taa ya chemli, mtoto wangu akiwa mgongoni kwake ili mikono yangu iwe huru kuandika. Masomo mengine ya sekondari yeye mwenyewe hakuyajua vizuri. Alikwenda kwa mwalimu mwenzake, akafundishwa yeye kwanza, ndipo akaja kunifundisha mimi. Mwaka 1998 nilifanya mtihani wa Kidato cha Nne nikiwa mtahiniwa wa kujitegemea, nikafaulu. Leo mimi ni muuguzi, na mtoto yule aliyebebwa mgongoni ni mama wa watoto wawili.

Habari ya mabati

Kuna jambo moja sikulielewa kwa miaka mingi. Chumba cha nyuma cha shangazi kilivuja kila masika mpaka mwaka 2003. Nilidhani ni umaskini wa mjane tu.

Siku ya sherehe, baada ya watu kula, baba yangu alisimama akiegemea mkongojo wake. Ana miaka 79 sasa. Tulitegemea aseme maneno mawili ya baraka. Badala yake alisema hivi:

"Mwaka 1995 dada yangu aliuza mabati aliyokuwa akiyanunua moja moja kwa ajili ya nyumba yake. Alitaka fedha za kumsomesha binti yangu niliyemfukuza. Nalijua jambo hilo, kwa sababu aliyeyanunua mabati ni mimi. Nikaezekea banda la ng'ombe. Mpaka leo sijamwomba radhi."

Ua wote ulinyamaza. Hata watoto waliacha kucheza. Shangazi alimtazama kaka yake kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Kaka, ng'ombe walinyeshewa?"

"Hawakunyeshewa."

"Basi mabati yalifanya kazi yake. Kaa chini, miguu yako inauma."

Watu walicheka, na wengi walikuwa wakifuta machozi. Baba hakukaa. Alimwendea dada yake akamshika mkono, kisha akaniita na mimi. Sisemi kwamba kidonda cha miaka 31 kilipona mchana mmoja. Lakini kilifunguliwa kikasafishwa, na muuguzi anajua kwamba huo ndio mwanzo wa kupona.

Sisi akina mama tufanyeje?

Novemba 2021 serikali ya Tanzania iliruhusu wasichana walioacha shule kwa sababu ya mimba warudi masomoni. Tunashukuru sana. Lakini lango la shule likifunguliwa na mlango wa nyumba ukafungwa, binti ataingiaje? Nani atampakata mtoto ili mama yake aandike? Kazi hiyo haifanywi na waraka. Hufanywa na mama, shangazi au jirani mwenye mgongo wa kubebea. Nasi tulioolewa tunaweza kuzungumza na waume zetu kwa upole kabla sanduku la binti halijatolewa nje.

Tulimnunulia shangazi vitenge na kiti kizuri cha kupumzikia. Alishukuru, halafu akauliza kama zimebaki fedha kidogo za ubao. Alistaafu mwaka 2010, lakini bado huwafundisha kusoma watoto wa jirani barazani kwake, na wanawake wa kikoba huja kwake wajue kusoma vitabu vyao vya akiba. Ubao tumempelekea, pamoja na chaki na daftari. Hakuna daftari litakalokatwa katikati.

Dada msomaji, je, nawe unaye shangazi, mama mdogo au mwalimu aliyekubeba siku ambayo wengine walikutupa? Usingoje wasifu wa marehemu. Mtembelee mwezi huu, ukae naye, umwambie asante kwa kinywa chako. Na kama tarehe yake ya kuzaliwa haijulikani, chagua siku yoyote.

Shangazi, Mungu akuongezee siku. Mtori wako sijausahau.