Wenyeji wa Australia na Sheria ya Ardhi Yao

Mkulima wa skimu anajua maana ya hati. Shamba likipimwa, likapewa namba, na jina la mwenyewe likaandikwa katika rejista, hulala usingizi. Lakini mtu ambaye babu zake walikaa mahali kabla ya karatasi kuwapo, ataonyesha nini? Jambo hilo limejadiliwa sana huko Australia.

Waingereza walipoanza kukaa Australia mwaka 1788, sheria yao ilihesabu nchi ile kuwa haina mwenyewe, ingawa Waaborijini na watu wa visiwa vya Torres Strait walikuwa humo tangu kale. Hesabu hiyo ilidumu zaidi ya miaka 200. Ndipo Eddie Mabo na wenzake wa kisiwa cha Mer, watu wenye bustani ambazo mipaka yake yajulikana na wote, walipokwenda mahakamani. Tarehe 3 Juni, 1992, Mahakama Kuu iliamua kwamba haki ya wenyeji ilikuwapo, na haikufutwa kwa kufika Waingereza tu. Mabo mwenyewe hakuisikia hukumu. Alikuwa amekufa Januari ya mwaka ule ule. Bunge lilitunga sheria mwaka 1993.

Haki hiyo si kama hati yetu, maana haiuzwi sokoni. Mahali ambapo Serikali ilimpa mtu shamba kuwa mali yake kabisa, haki ya wenyeji imekwisha. Katika ranchi kubwa za kukodi, hukumu ya mwaka 1996 ilisema haki mbili zaweza kukaa pamoja, lakini zikigongana ya mwenye ranchi hushinda. Tena wenyeji ndio wanaotakiwa kuthibitisha kwamba wameshika mila zao za ardhi bila kukatika. Watu wa Yorta Yorta walishindwa kwa sababu hiyo mwaka 2002. Mimi naona ugumu hapa: aliyeondolewa kwao kwa nguvu, ataulizwaje kwa nini hakukaa?

Taabu kubwa ni migodi. Kampuni ikitaka kuchimba, wenyeji wana haki ya kujadiliana nayo, lakini hawana haki ya kukataa. Miezi 6 ikipita bila mapatano, upande wowote waweza kupeleka shauri kwa baraza la kuamua, na baraza hilo haliwezi kuamuru wenyeji wapewe sehemu ya faida. Sasa fikiri, ni mapatano gani ikiwa mmoja anajua kwamba akingoja huenda akapata tu? Mwezi wa Mei 2020 kampuni ya Rio Tinto ililipua mapango ya Juukan Gorge, ambayo watu waliyatumia tangu miaka 46,000 iliyopita, na sheria ya jimbo iliruhusu.

Juni 2024 Serikali ya Australia iliiagiza Tume ya Kurekebisha Sheria ichunguze sehemu hiyo. Tume ilitoa kijitabu cha maswali Novemba 2024, na mapendekezo Mei 2025, ikawaalika wenyeji, wenye ranchi, wachimbaji na mtu yeyote kuleta maoni. Pendekezo moja ni kwamba utaratibu ufuate uzito wa madhara kwa ardhi, si jina la kazi inayofanywa. Jingine lahusu fedha za mashirika ya wenyeji, yanayopaswa kujibu barua za makampuni na za Serikali kabla ya siku kupita. Sisi makarani twaelewa neno hilo upesi. Rundo la barua huchosha hata ofisi yenye watu watano, na mengi ya mashirika hayo hayana hata mfanyakazi mmoja wa mshahara.