Chaguo-msingi Ni Uamuzi kwa Niaba ya Asiyesoma

SQLite, hifadhidata ambayo D. Richard Hipp aliianza mwaka 2000, haina seva. Ni maktaba ya programu inayomezwa ndani ya programu nyingine, na data zake zote hukaa katika faili moja. Imo katika kila simu ya Android na kila iPhone. WhatsApp huhifadhi humo ujumbe wa watu. Msimbo wake haumilikiwi na mtu, hivyo mwandishi yeyote wa programu anaweza kuuchukua na kuukompaili apendavyo. Hapo ndipo maswali mengi hujibiwa kwa mkupuo: kipi kiwashwe, kipi kizimwe, kipi kiachwe nje kabisa. Wengi hukompaili bila kujua kuwa wameulizwa chochote. Kwa hiyo majibu yao wameshapewa na waliounda maktaba, na majibu hayo yanastahili kupimwa kwa uzito wake.

Tuanze na uhusiano kati ya majedwali. Jedwali la malipo humtaja mteja aliyeko katika jedwali la wateja. Tangu toleo la 3.6.19, la mwaka 2009, SQLite inaweza kuzuia mteja asifutwe iwapo bado ana malipo. Lakini ulinzi huo huja umezimwa, kwa sababu programu zilizoandikwa kabla yake zingeanza kukataliwa mambo zilizokuwa zikiruhusiwa. Matokeo yake, mwandishi wa leo hutangaza uhusiano katika muundo wa jedwali, tangazo linapokewa, kisha halitekelezwi. Mteja anafutwa, malipo yanabaki bila mwenyewe, na hakuna kosa linaloripotiwa.

Nukuu mbili nazo zina madhara ya namna hiyo. Kwa kanuni za SQL, neno lililo ndani ya nukuu mbili ni jina la safu wima. SQLite isipoiona safu hiyo, hulichukua neno hilo kuwa maandishi ya kawaida. Ukikosea herufi moja ya jina, swali lako linajibiwa bila lalamiko, na jibu si sahihi. Waundaji wenyewe wamekiri kuwa ulegevu huu ulikuwa kosa, na mwaka 2019, katika toleo la 3.29.0, walitoa chaguo la kuuzima. Hata hivyo, maktaba ikikompailiwa bila maelekezo bado inauruhusu, kwa ajili ya programu za zamani zinazoutegemea.

Upande wa kuandika kwenye diski, chaguo-msingi ni jema. SQLite husubiri diski ithibitishe kila muamala kabla ya kusema umekamilika. Kusubiri huko kunapunguza kasi, na wapo wanaokulegeza. Katika hali ya WAL, iliyoletwa mwaka 2010, ambamo mabadiliko huandikwa kwanza katika faili la pembeni, ulegezaji wa kiasi hauharibu faili, ila umeme ukikatika miamala ya mwisho inaweza kupotea. Anayetaka kasi ataona programu inasuasua na atatafuta namna ya kuiongeza. Anayehitaji usalama haoni dalili yoyote mpaka siku rekodi zinapopotea. Kwa hiyo ni haki usalama utolewe bila kuombwa, na kasi iombwe.

Si kila chaguo-msingi limefungwa na historia. Mwaka 2016, katika toleo la 3.12.0, ukubwa wa ukurasa, yaani kipande ambacho faili hugawanywa kwacho, ulipanda kutoka baiti 1024 hadi 4096, na faili za zamani ziliendelea kusomeka kwa sababu kila faili hubeba kipimo chake. Kinachokuwa kigumu kubadili ni chaguo linalogusa maana ya data au ya swali. Hilo ndilo lingepaswa kufikiriwa kwa muda mrefu zaidi kabla ya toleo la kwanza kutoka.

Kuwasha kila kitu nako si tahadhari. Mwaka 2018 watafiti wa usalama wa Tencent walitangaza udhaifu waliouita Magellan. Ulihusu FTS3, sehemu ya kutafuta maneno ambayo haimo katika maktaba mpaka uiwashe. Kivinjari cha Chrome kilikuwa kimeiwasha, na kurasa za wavuti ziliweza kuifikia. Kipengele usichokitumia ni mlango usioulinda.

Wajibu basi unamrudia anayekompaili. Endesha PRAGMA compile_options uone maktaba uliyo nayo ilijengwaje, kwa maana ile iliyokuja na mfumo wa kompyuta yako huenda ilijengwa na mtu mwingine kwa mahitaji mengine. Washa ulinzi wa uhusiano kila unapofungua hifadhidata. Katika mradi mpya, zima nukuu mbili legevu tangu siku ya kwanza. Na usiguse usalama wa kuandika kwenye diski mpaka uweze kumweleza mwenye data, kwa maneno anayoyaelewa, ni kitu gani anaweza kukipoteza.